Ubao wa Siku Bila Ajali na Mguu Wangu wa Kushoto

Namba tisa ya ubao wa langoni ilikuwa na uzito wa kilo nne na nusu. Ninyi mnaobadilisha namba leo hamwezi kujua, maana zenu ni za bati jepesi, lakini ile ya zamani niliipima mwenyewe kwenye mizani ya jikoni ya kantini baada ya kunivunja mguu. Naanza na hapo kwa sababu miaka yote mmenisikia nikiwakaripia habari za buti, na hamkuambiwa kwamba afisa wenu wa usalama alivunjika mguu akiwa amevaa viatu vya mbio vya rangi ya machungwa.

Nimestaafu mwezi uliopita. Mliniandalia chai, mkanipa saa ya ukutani, mkaniomba niandike kurasa chache za kuwasaidia mnaobaki. Vyeo sitavisema, nilipata viwili, na cha pili kilikuwa sawasawa na cha kwanza ila kiti chake kilikuwa na magurudumu. Nitasema siku ya kwanza, ubao, mguu, na ng'ombe.

Siku ya kwanza nilipokelewa na mzee tuliyemwita Tata Kazadi. Alikuwa mtu wa Kasai kwa asili lakini kazaliwa hapa hapa Kolwezi, na alikuwa ameangalia usalama wa mgodi muda mrefu hata akikutana na mtu sokoni alianza na viatu kabla ya kufika usoni. Alinishusha hadi chini ya shimo, akanikataza kusema neno, akanipandisha tena, kisha akaniuliza nimeona makosa gani. Nikamtajia matatu kwa majivuno: mmoja hana miwani, mmoja hana glavu, mmoja kakaa kivulini chini ya jiwe linalotaka kuanguka.

"Bien," akasema. "Na wa ine?"

"Wa nne yupi, Tata?"

Akaninyooshea kidole kichwani. Kofia yangu ngumu nilikuwa nimeiacha ofisini, juu ya karatasi zisipeperuke.

"Weye unaonaka batu, ni muzuri," akasema. "Lakini mu kazi hii, mutu wa kwanza wa kuangalia ni weye." Maneno hayo niliyaandika kwenye daftari langu jipya, na daftari likapotea wiki hiyo hiyo.

Ubao ulikuja miaka mingi baadaye, Tata Kazadi akiwa ameshakwenda kulima mahindi yake Lubudi. Uliletwa na Mudirekta mpya, mtu wa mbali aliyependa vitu vinavyoonekana kutoka barabarani. Ukasimamishwa langoni, juu ya nguzo mbili, na maandishi makubwa: SIKU BILA AJALI. Chini yake kulabu tatu za kutundikia namba. Sheria ilikuwa fupi: mtu yeyote akiumia ndani ya uzio kiasi cha kuhitaji zahanati, ubao unarudi sufuri. Ukifika mia tatu sitini na tano, mgodi mzima unakula ng'ombe.

Namba nilizitaka nzito, zisiibwe wala zisichezewe na upepo. Aliyenitengenezea ni Mutombo, mchomeleaji wetu wa vyuma, kijana wa Kasaji mwenye mkono mzuri kuliko wote niliowahi kuwaona. Alizikata kwenye ndoo kuukuu ya mtambo wa kuchimba, chuma kinene kama kitabu cha nyimbo cha kanisani. Aliponiletea alisema, "Tata Mwepu, hizi bitu ni nzito. Siku moja zitamuua mutu." Nikacheka. Nikamwambia usalama hauogopi uzito.

Mwaka ule wa kwanza tulifika mia tatu sitini na moja. Zilibaki siku nne. Watu walishaanza kugawana ng'ombe kwa maneno. Huyu anataka ini, yule mkia. Hapo mashine ya kusagia chuma ikamruka Mutombo ikamla ncha ya kidole kidogo. Akafunga kitambaa, akavaa glavu, akaendelea na kazi. Nilimwona kwa sababu glavu moja ilikuwa inabadilika rangi.

Kumpeleka zahanati ilikuwa sawa, na hilo sijutii. Walimkata kidole hadi kwenye kiungo. Nililolifanya baadaye ndilo ninalojutia. Aliporudi nilikusanya zamu zote mbili langoni, nikamsimamisha Mutombo chini ya ubao na bendeji yake, nikapanda ngazi, nikatundika sufuri tatu juu ya kichwa chake. Nilidhani ni somo. Watu hawakumwangalia mwalimu, walimwangalia yeye. Toka siku hiyo hakuna aliyemsalimia vizuri, na mkewe akipita sokoni wauza ugali wa bukari walimwita Mama Sufuri. Mwezi haukuisha wakapanda treni ya kurudi kwao Kasaji. Nilisikia amefungua kibanda cha kutengeneza baiskeli. Nilijisemea kwamba sheria ni sheria, nikaendelea kutundika.

Mwaka uliofuata ubao ulipanda bila shida. Mudirekta alifurahi hata akatangaza kwamba siku ya mia tatu sitini na tano kutakuwa na mbio ndefu, kilomita ishirini na moja, kutoka langoni kwenda mjini na kurudi, wazi kwa kila mtu, za kusherehekea mwaka bila ajali. Mwenyekiti wa kamati ya mbio nikawekwa mimi, na mwenyekiti lazima akimbie. Nilikuwa na miaka hamsini na mitatu na tumbo la mtu wa ofisi. Nikanunua viatu vya machungwa, nikaanza kukimbia kila asubuhi kutoka nyumbani hadi kazini. Buti nilizibeba mgongoni.

Asubuhi ya siku ya mia mbili themanini na tisa nilifika natiririka jasho, nafsi imejaa sifa. Nikasema nitundike namba kwanza, buti baadaye. Nikapanda ngazi, nikatoa nane ya mwisho, nikachukua tisa. Jasho na chuma havipatani. Ile tisa ilishuka taratibu, au mimi niliona taratibu, ikasimama kwa ncha juu ya mguu wangu wa kushoto uliokuwa kwenye kipandio cha kwanza, nyuma ya kidole cha pili. Nikasikia kitu kikilia ndani ya mguu kama kijiti cha kuwashia jiko.

Mlinzi wa lango alikuwa Banza, mtu mnene mwenye moyo mwema na watoto saba. Alikuja mbio, akanishika kwapani, na haya ndiyo maneno yake ya kwanza:

"Shefu, usiumie! Kumebakia siku makumi saba na sita tu!"

"Banza, nimeshaumia."

"Hapana, shefu. Bado. Kwanza tuangalie ni wapi."

Akainama kuangalia chini. Ubao, mnajua, umesimama kwenye mstari wenyewe wa lango: nguzo moja ndani, nyingine nje. Banza akashika kiuno, akafikiri, akaenda kumwita mpima ardhi.

Mpima ardhi alikuja na chombo chake cha miguu mitatu na watu wawili wa kushika fimbo. Walinipandisha tena pale pale nilipokuwa, mguu umevimba umejaza kiatu, wakaniomba nisitikisike. Walinipima karibu saa nzima. Kisigino, akasema, kiko ndani ya mgodi. Vidole viko nje, barabarani, kwa sentimita kumi na moja. Sasa iliyovunjika ni sehemu gani?

Hapo ndipo alipoitwa Mama Ngalula. Huyu alikuwa mtaalamu wa viungo wa zahanati, kine wetu, mama mfupi asiyecheka haraka. Alinivua soksi, akapitisha kidole gumba polepole juu ya mguu, na nilipopiga kelele akasimama hapo hapo.

"Ni hapa. Mufupa imepasuka."

Mpima ardhi akainama kwenye chombo, akainuka uso umempauka. "Mama, umeweka kidole juu ya mustari yenyewe."

Walibishana. Mmoja akasema mstari una upana. Mwingine akasema mfupa ulipasukia ndani lakini maumivu yalitokea nje. Mwisho Banza akatoa hukumu: kwa kuwa mtu hukimbia kwa vidole, mguu unahesabika kule vidole viliko. Wote wakakubali. Wakanigeukia mimi, afisa wa usalama, mwenye sheria.

Nitasema ukweli, maana sina tena kiti cha magurudumu cha kulinda. Niliogopa. Niliona ile ngazi, nikajiona nimesimama chini ya sufuri tatu na viatu vya machungwa, watu wakinikodolea macho walivyomkodolea Mutombo. Nikasema, "Kama vipimo vinaonyesha nje, basi ni nje." Banza akatundika tisa yeye mwenyewe, akipanda ngazi kwa kuburuta mguu wa kulia, jambo ambalo sikulitilia maanani.

Mama Ngalula alikataa kuniandika kwenye daftari la zahanati. "Mu buku yangu sitaandika kitu yenye haikuwa," akasema. "Na yenye ilikuwa, hamutaki niandike. Basi kuja kwangu saa kumi, mu lupango, nitakutunza sawa jirani." Ndivyo nilivyotibiwa, kwenye ua wa Mama Ngalula, kati ya kuku na kamba ya nguo.

Kwa wenzangu mtakaovunjika mguu mkiwa mnajitayarisha kwa mbio, haya ndiyo aliyonifundisha. Wiki tatu za kwanza mguu usijikunje, kwa hiyo alinitafutia kiatu kigumu kisichopinda. Alichonipa ni buti la usalama, lile lile nililokuwa nimelibeba mgongoni. "Hii kiatu ungeivaa mbele ya kuumia," akasema, "sasa utaivaa nyuma." Baadaye nilikaa kwenye kiti, nati ishirini zimemwagwa chini, nikaziokota moja moja kwa vidole vya mguu na kuzitia kwenye kofia ngumu. Halafu nilibiringisha unyayo juu ya kipande cha mwamba cha duara, kile watoboaji wanachokitoa chini ya ardhi na kukiita karoti. Na kila siku kusimama kwa mguu mmoja, ule mbovu, hadi nihesabu sitini. Maumivu ya jioni alisema niyadharau. Maumivu ya asubuhi, hatua ya kwanza kutoka kitandani, hayo ndiyo hakimu.

Shida ni kwamba sikuweza kupumzika. Mwenyekiti wa mbio akionekana hakimbii, Mudirekta angeuliza. Kwa hiyo mgodi mzima ulinificha, na sijawahi kuona kazi ikifanywa kwa umoja kiasi kile. Madereva walinibeba. Wapishi waliniletea barafu ya samaki. Kwenye mkutano wa usalama wa asubuhi, nilipokuwa nimesimama kwa mguu mmoja nikihesabu moyoni, Mudirekta akatokea ghafla. Banza alimwona kwanza. Akainua mguu wake, yule aliye karibu naye akainua wa kwake, na kufumba na kufumbua watu sitini wenye kofia ngumu walikuwa wamesimama kwa mguu mmoja, mimi nikiwahutubia habari za vizima moto.

Mudirekta aliuliza ni nini hiki. Nikamwambia ni zoezi la mizani ya mwili, la kupunguza kuanguka. Akaliandika. Wiki iliyofuata likawa amri kwa idara zote, na wahasibu walifanya wakishikana mabega.

Maji yalikuwa hivyo hivyo. Mama Ngalula alisema mapafu hayana haja ya ardhi, nikimbie ndani ya maji marefu, mguu usiguse chini. Tulikuwa na shimo la zamani lililojaa maji. Niliyapima kwanza, maana yako maji huku yanayokutoa ngozi. Nikavaa koti la kuelea la akiba ya uokoaji, nikaingia, nikawa nakimbia dakika arobaini bila kufika popote. Mudirekta alipita na wageni. Alipoambiwa ni mazoezi ya uokoaji alisema mtu mmoja hatoshi. Kuanzia Jumatatu zamu nzima ilikuwa majini, watu thelathini wamevaa makoti, wanakimbia kwenye maji bila kusogea, wakinung'unika. Mmoja alinipita karibu akasema, "Tata, sababu ya ile ng'ombe, mi niko tayari hata kuruka."

Wiki ya saba niliruhusiwa kukimbia ardhini: nguzo moja ya umeme hadi nyingine mbio, nguzo inayofuata mwendo wa kawaida. Wiki ya nane nikajiona nimepona. Nikakimbia nguzo zote hadi kilimani bila kupumzika, nikarudi nikiimba. Kesho yake asubuhi hakimu alinihukumu kabla sijafika mlangoni. Mama Ngalula aliangalia ule uvimbe, hakunikaripia, akanionyesha tu upande wa shimo la maji. "Muguu haijuaki cheo yako," akasema. Nikarudi majini wiki nzima na jioni ile, kwa kweli, nililia kidogo ndani ya maji ambako hakuna anayeona.

Wakati huo ng'ombe akafika kwa treni. Alikuwa jike la kahawia lenye pembe moja iliyopinda, wakamfunga nyuma ya kantini na kumpa jina Madame Sekirite, yaani Bibi Usalama. Watu walileta familia zao kumwangalia Jumapili baada ya ibada. Wengine walimkatia majani wenyewe, wakimpapasa mgongo kuona kama ananenepa. Mimi nilipita mbali. Kila nikimwangalia niliona kidole cha Mutombo.

Siku ya mia tatu sitini na tano, kabla ya mbio, watu walijaa langoni. Ubao bado ulisema mia tatu sitini na nne. Mpango ulikuwa nimalize mbio, nipande ngazi mbele ya wote, nitundike tano. Nikajipanga mwishoni mwa mstari. Mtu akasimama kando yangu, mwembamba, kaptula ya baiskeli, namba kifuani. Niliangalia viatu kwanza, kama nilivyofundishwa. Halafu mikono. Mkono wa kushoto ulikuwa na kidole kimoja kifupi.

"Mutombo."

"Eyo, Tata Mwepu. Banasema mbio ni ya kila mutu. Nilipanda treni."

Tukaondoka pamoja. Alikuwa anaweza kuniacha kirahisi lakini hakuniacha. Tulikimbia kilomita kumi na mbili tukizungumza habari za baiskeli, mkewe, mvua ya Kasaji. Baada ya kugeuza mjini mguu ulianza kunikumbusha, nami nikaanza kutua kwa ukingo wa nje wa unyayo nikidhani haonekani.

"Tata, unakimbia sawa mutu mwenye kuficha kitu mu kiatu," akasema.

"Ni jiwe dogo."

"Hapana. Kule kwetu Kasaji nzima inajua. Ile tisa ilikuangukia. Nilikuambiaka ni nzito."

Nikaongeza mwendo. Akaendelea kwa sauti ile ile ya upole, na upole ndio ulionichoma.

"Mi sina roho mubaya na weye. Kidole haikuniuma sana. Yenye iliniuma ni kusimama kule chini ya ubao, na batu bote banione. Lakini nataka kuuliza. Kidole yangu ilikuwa aksida, ubao ikarudi sufuri. Muguu yako ni nini?"

Nilifungua kinywa. Nikasema, "Unajua, Mutombo, mpima ardhi alikuja, na vidole vilikuwa nje ya mstari kwa sentimita kumi na…" na hapo nikajisikia. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile nilisikia maneno yale kwa sikio la mtu mwingine. Aibu ilinishika hata nikasahau kuchechemea. Sikumaliza. Kilomita zilizobaki tulizikimbia bega kwa bega.

Tulifika wa mwisho. Watu walikuwa wanapiga vigelegele, mkaa umeshawashwa, Madame Sekirite amefungwa utepe shingoni, na mchinjaji amesimama kando yake na aproni safi. Mudirekta akanipa mkono, akaninyooshea ngazi. Ile tano ilikuwa imeegemezwa chini, tayari.

Nilivua viatu vya machungwa, nikavaa buti zangu, nikafunga kamba polepole. Nikapanda. Nikatoa tatu, nikatoa sita, nikatoa nne, nikampa Banza chini moja baada ya nyingine. Kelele zikaanza kufa. Nikasema kwa sauti kubwa kadiri nilivyoweza, "Ajali moja. Mguu wa kushoto, mfupa umepasuka. Siku ya mia mbili themanini na tisa. Mimi, Mwepu, bila buti. Na mwaka jana nilimsimamisha hapa mtu ambaye hakuwa na kosa lolote isipokuwa kuumia. Mutombo, nisamehe."

"Ilikuwa inje!" Banza akapiga kelele. "Shefu, tulipima! Ilikuwa inje!"

Hakuna aliyemuunga mkono. Mtu mmoja akasema, kama ni hivyo basi tuandike sabini na sita, siku tulizokaa toka mguu, na ng'ombe tumle kwa sehemu, hata robo. Wakaanza kupiga hesabu ya robo. Mimi nikashuka kuchukua sufuri, nikaiinua, na mikono yangu ya jasho ikaanza kuteleza. Nikaona mkono wenye kidole kifupi ukiishika kwa chini.

"Leta, Tata," akasema Mutombo. "Weye unaangushaka."

Akapanda yeye. Mimi nikasimama chini ya ubao, mahali pale pale, nikaangaliwa. Inauma. Mutombo alitundika sufuri ya kwanza, ya pili, ya tatu, akashuka, na badala ya kwenda kwa watu akasimama kando yangu.

Jioni ile hakuna aliyenisalimia, na mke wangu alirudi kutoka sokoni na jina jipya. Alisema angalau si refu. Mudirekta aliniandikia barua ya onyo yenye kurasa mbili. Nililala nikijua nimewanyima watu mia mbili nyama.

Asubuhi nilifika kuandika mguu wangu kwenye daftari la zahanati, rasmi. Nikakuta foleni. Watu kumi na saba walikuwa wamekaa kwenye benchi na chini, kofia mapajani, hawaangaliani. Mmoja alikuwa na goti, mmoja na jicho, mmoja na bega ambalo alikuwa amelificha miezi mitano. Aliyekuwa wa kwanza ni Banza, mguu wa kulia umevuliwa soksi, kidole gumba cheusi na kimepinda.

"Banza, ni nini?"

Akainamisha kichwa. "Ni ile tisa, shefu. Ulikuwa konje, mu likizo, mi njo nilibadilisha. Siku ya mia moja na kumi na tisa."

Mama Ngalula alitoka mlangoni, akahesabu vichwa, akafungua daftari jipya. Wala hakuna aliyezungumza tena habari za sabini na sita.

Mutombo alirudi Kasaji kwenye baiskeli zake. Alisema huko chuma hakimwangukii mtu. Mwezi uliofuata akatutumia kwa treni kifurushi cha namba mpya, alizozikata kwenye mabati ya kukingia matope ya baiskeli, nyepesi kama sahani. Aliweka sufuri mbili za ziada. Ndizo mnazotundika hadi leo.

Tangu hapo, wenzangu, ubao wetu haujawahi kufika hamsini. Watu wanakuja zahanati na mchubuko, na kibanzi cha jicho, na msumari ulioingia kidogo, na kila mara mmoja wenu anapanda ngazi. Wageni wakipita wanatuonea huruma. Lakini toka siku ile hakuna aliyekatwa kidole kwa kuchelewa kusema. Ikitokea mkafika siku mia tatu, msiwashe mkaa. Waambieni watu wavue soksi.

Mguu wangu ulipona kabisa, isipokuwa siku za mvua. Bado nakimbia, nguzo moja mbio, nguzo moja mwendo. Jana nilipita langoni. Ubao ulisema nne. Nyuma ya kantini Madame Sekirite, ambaye sasa amezeeka hata pembe yake iliyopinda imefika karibu na jicho, alikuwa anakula majani, na Banza alikuwa anamshikia ndoo ya maji.